Mabawa Ndani ya Nundu

Tulipomaliza matanga ya Bibi, tulikaa uani kwetu Kisaka kugawana vitu vyake. Havikuwa vingi. Kulikuwa na kibuyu cha maziwa, kigoda kilichochongwa na mtu aliyefariki kabla sijazaliwa, vitenge vitatu, fimbo na kopo la ugoro. Vitenge vilichukuliwa na shangazi zangu, kigoda kikaenda kwa kaka yangu Chacha. Mimi niliomba kopo.

"Umeanza kunusa huko mjini?" shangazi mmoja aliniuliza.

"Nataka harufu tu."

Nilipofungua kifuniko nikapiga chafya mara tatu mfululizo. Baba, ambaye alikuwa hajacheka tangu msiba, akacheka. "Huyo ni bibi yako," alisema. "Anakusalimia."

Ilikuwa harufu ya tumbaku kali na magadi, na kitu kingine kama majivu ya moto wa jana. Kabla sijamaliza kufuta macho nilikuwa nimesharudi darasa la tano, nimekaa mkekani pembeni ya Bibi, mahindi ya kupukuchua mbele yetu na kitabu kisicho na jalada magotini mwangu. Kisha kidole changu kikagusa kitu chini ya ugoro. Kilikuwa kipande cha nailoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliikunjua, nikaitazama, nikakaa chini. Kilichokuwemo nitakieleza kikifika mahali pake, kwa sababu bila habari ya ng'ombe aliyeitwa Kitanda hakitaeleweka.

Nianze na karanga.

Siku za gulio alikuwa akija mzee mmoja kutoka Mugumu, jina lake Mzee Athumani, mwenyeji wa Tanga, kofia nyeupe kichwani na kikapu cha karanga na kashata mbele yake. Watoto tulimpenda kwa sababu alizungumza nasi kwa Kiswahili laini ambacho hatukukisikia kwa mtu mwingine yeyote, kana kwamba kila neno alikuwa amelilowesha kwanza. Ukimwomba karanga, alichana ukurasa kutoka kwenye kitabu chochote kilichokuwa pembeni yake, akauzungusha mkononi mpaka ukawa kama pembe, akamimina. Mimi nilikuwa na tabia ya kula karanga halafu kusoma pembe. Nilishasoma hivyo habari za mashine za kukamua alizeti, nusu ya hotuba ya mtu fulani, na namna ya kumwogesha mtoto mchanga.

Siku hiyo pembe yangu iliandikwa hivi: joka mchanga asiyetaka kubeba mtu hafundishwi kwa fimbo, kwani joka aliyepigwa mara moja hatamsahau aliyempiga. Nilirudi mbio.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Zimeisha mara hii?"

"Babu, hicho kitabu ni cha nini?"

Aliutazama ule mrundo wa karatasi kama anauona mara ya kwanza. "Cha karanga," alisema.

"Naomba unipe."

"Nikikupa wewe kitabu, wateja niwafungie kwenye kiganja?"

Tuliafikiana karatasi kwa karatasi. Nilikimbia nyumbani nikachukua madaftari yangu matatu yaliyokwisha, ya hesabu, sayansi na Kiswahili, nikarudi nikihema. Mzee Athumani aliyapokea, akayapima mkononi, akaridhika. Lakini wateja hawakuwa wamenisubiri. Jalada lilikuwa limekwenda, kurasa nyingi za mwanzo zimekwenda, na mwisho wote umekwenda. Nilipata katikati.

Lazima niseme jambo moja hapa, ili watu wa rika langu waliosoma shule zenye maktaba wasinicheke sana. Vitabu nilivyovijua vilikuwa vya shule, na vile vijitabu vya bwana mifugo kuhusu kuogesha ng'ombe na magonjwa ya kwato. Vyote vilisema kweli. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kukaa chini akaandika kurasa mia mbili za jambo ambalo halikutokea, na watu wengine wazima wakalichapisha. Kwa hiyo niliposoma habari za msichana anayeitwa Sirea, wa umri wangu, aliyepewa joka mchanga ambaye kila mtu kijijini kwao alikuwa amemkatia tamaa, nilijua moja kwa moja kwamba nimepata kijitabu cha ufugaji.

Swali lilikuwa, joka ni mnyama gani? Sisi tulijua joka kuwa nyoka mkubwa. Lakini huyu wa kitabuni alikuwa na pembe, kwato hazikutajwa ila miguu minne ilitajwa, na mkia wake ungeweza kumwangusha mtu. Ngozi yake haikuchomwa na miiba. Asubuhi za baridi moshi ulimtoka puani. Alifungwa kamba, alilishwa, na walioshinda naye walikuwa watoto. Nilimuuliza Bibi kama amewahi kuona nyoka mwenye pembe.

"Nyoka mwenye pembe, nira utamfunga wapi?" alinijibu.

Basi nikawa nimepata jibu. Bwana mifugo alikuwa akitueleza kila mara kuhusu ng'ombe wa kisasa kutoka nchi za mbali, wenye majina magumu. Joka ilikuwa mbegu mojawapo. Palikuwa na tatizo la mabawa tu. Kitabu kilisema joka mchanga bado hajafungua mabawa yake, kwamba yamejikunja mgongoni na yatafunguka siku atakapomkubali mpandaji wake. Nilitoka nikaenda zizini nikasimama nyuma ya ng'ombe wetu. Kila mmoja alikuwa na nundu mgongoni. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyosisimka. Mabawa yalikuwa mle ndani.

Sasa Kitanda. Baba alikuwa na jozi moja ya maksai ya kulimia. Mmoja, Sajenti, alikuwa mzee mwenye busara ambaye alinyoosha mstari hata kama mshika plau amelewa. Mwenzake alikufa msimu uliotangulia, na Baba akamchagua dume kijana mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, akamhasi, akaanza kumfundisha. Kila alipofungwa nira, alilala. Hakupiga teke wala hakukimbia. Alikunja miguu ya mbele, akakunja ya nyuma, akashusha pumzi ndefu, akacheua, na Sajenti akabaki ameinamishwa shingo upande kama mtu anayechungulia dirishani. Chacha ndiye aliyemwita Kitanda.

Walimwagia maji puani. Walimkunja mkia. Jirani mmoja alipendekeza wamuwashie nyasi ubavuni, Baba akakataa. Chacha, aliyekuwa anashika kamba mbele, alichoka na kuchekwa, akaondoka kwenda Genkuru kutafuta kazi kule kwenye machimbo. Siku anaondoka alinikabidhi kamba. "Shika wewe," alisema. "Wewe unapenda kusoma, labda atalala vizuri zaidi ukimsomea."

Baba alitoa uamuzi siku hiyo hiyo, akiwa anakunywa uji. Mvua za kwanza zikifika kabla Kitanda hajalima, anakwenda mnadani, na mnadani ng'ombe asiyelima wala kuzaa ana mnunuzi mmoja tu. Mnunuzi huyo alikuja mapema kuliko mnada. Alikuwa mchinjaji kutoka Mugumu, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alimzunguka Kitanda, akamwekea kiganja juu ya nundu, akaibonyeza huku na huku, akafumba jicho moja.

"Imejaa," alimwambia Baba. "Imejaa vizuri sana."

Nilishikwa na baridi. Alijua! Alikuwa mtu mwingine aliyesoma kitabu. Alitaka kumchukua joka wangu wakati mabawa yamebakiza kidogo tu kufunguka. Nilisimama kati yake na Kitanda nikasema huyu hauzwi. Yule bwana alicheka kwa sauti yake ndogo, akamwambia Baba ana binti mwenye uchungu na mali. Baba hakucheka. Alinitazama, kisha akamwambia mgeni, "Tusubiri mvua."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na daftari. Nililigawa kurasa kwa siku, na kila siku niliandika nilichofanya na alichofanya yeye. Kitabu kilikuwa na maagizo na mimi niliyafuata kwa mpangilio. La kwanza, Sirea alimpa joka wake jina ambalo hakulisema mbele ya mtu yeyote, na jina hilo alimnong'oneza sikioni kila asubuhi. Nilifikiri siku mbili, nikampa Kitanda jina. La pili, alikula mbele yake, sehemu ya chakula akimpa yeye. Nilibeba ugali wangu wa mchana kwenda zizini mpaka Mama akaanza kuniuliza kama nyumba yake imekuwa na kunguni. La tatu, Sirea aliweka pua yake karibu na pua ya joka na kupumua naye, pumzi kwa pumzi, mpaka kila mmoja akajua harufu ya mwenzake ya ndani. Hili lilikuwa gumu. Pumzi ya ng'ombe ni ya moto, ina harufu ya majani yaliyotafunwa mara mbili, na mwisho wake huwa ni kulambwa uso kwa ulimi kama msasa. Daftari linasema: *Siku ya sita. Amenilamba. Nundu haijabadilika.*

Nundu niliipapasa kila asubuhi.

Mchana, baada ya shule, nilimsomea Bibi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nilisoma sentensi, nikaigeuza kwa lugha ya nyumbani, nikaendelea. Bibi alikuwa amefuga maisha yake yote, na hakumwonea Sirea huruma hata kidogo.

"Amempa maji kabla ya chumvi?" aliuliza, akiweka kidole cha ugoro puani.

"Kitabu hakijasema, Bibi."

"Basi amekosea. Ndiyo maana hasimami. Na hilo joka linalokonda hivyo lina minyoo. Mama yake msichana yuko wapi?"

"Alifariki."

"Hata kama. Hana bibi?"

Sirea hakuwa na bibi. Bibi yangu alitikisa kichwa, akapukuchua gunzi zima. "Hilo ndilo tatizo," alisema mwishoni. "Kitabu kizima kina wanaume wanaopiga kelele mlimani, hakuna hata bibi mmoja." Kesho yake alinipa kipande cha magadi, akaniambia nimlambishe Kitanda kiganjani baada tu ya kumgusisha nira shingoni, nira peke yake, bila mwenzake, bila mnyororo. Hilo halikuwa kitabuni. Nililiandika kwenye daftari hata hivyo, kwa wino wa rangi nyingine, ili nisichanganye vyanzo.

Tuliposoma mpaka ukurasa wa mwisho nilionao, Sirea alikuwa juu ya mwamba, chini yake bonde, joka amepiga magoti ili ampande. Akapanda. Joka akasimama. Sentensi ya mwisho ilikatika ikisema, *kisha kutoka mgongoni pake*. Basi. Hapo karanga zilikuwa zimeanza.

Nilimlazimisha Bibi twende gulio lililofuata tutafute mwisho. Mzee Athumani alitupokea kwa heshima, akamwamkia Bibi, maana Bibi alimzidi umri, akasikiliza shida yetu mpaka mwisho.

"Mwanangu," aliniambia, "mwisho umeshaliwa."

"Na nani?"

"Na Kisaka nzima. Wengine walikuwa wapita njia wa Natta. Nitawakamata wapi?" Alichakura chini ya kikapu, kulikokuwa bado na karatasi chache zilizochanwa tayari, lakini wateja walikuwa wamejaa, akaacha. Bibi akaomba kashata. Nilishangaa, kwa sababu meno ya kutafuna kashata aliyaaga zamani. Aliipokea, akanipa mimi nile, akabaki na karatasi. Aliitazama, akaigeuza juu chini, akaikunja, akaichomeka kwenye pindo la kitenge. Nililiona hilo. Mimi niliyejisifu kwamba hakuna kinachonipita, niliona kwa macho yangu mawili na nikajisemea kwamba anataka cha kufungia ugoro.

Mvua ilianza kunukia upande wa ziwa. Wiki hiyo Kitanda alikuwa anatembea na nira peke yake mpaka kisimani na kurudi, akinifuata bila kuvutwa. Baba aliona. Kisha akatangaza risaga, yaani ile siku majirani wanapokuja na jozi zao kulima shamba la mmoja, na mwenye shamba anawalisha. Kila mtu angekuwepo, na kwetu aibu ya ng'ombe ni aibu ya ukoo.

Walifika asubuhi, ukungu bado umelala bondeni, jozi tano za maksai na vijana wao. Moshi ulitoka puani mwa kila ng'ombe. Mimi pekee ndiye niliyejua nimezungukwa na majoka kumi na wawili, wawili wakiwa wetu. Nilikuwa pia msichana pekee aliyeshika kamba. Jirani yetu Mzee Wambura, ambaye mdomo wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mto, hakuikosa nafasi hiyo.

"Mwita!" alimwita Baba. "Leo umeleta mchumba au umeleta mkulima?"

"Nimeleta mama yangu," Baba alijibu. Mimi nimerithi jina la Bibi, kwa hiyo ndivyo alivyoniita siku zote, mama. Watu wakacheka, lakini vizuri.

Baba akafunga nira. Sajenti upande wa kushoto, Kitanda kulia. Mnyororo ukalia. Plau ikaingia ardhini. Nikavuta kamba. Kitanda akapiga hatua moja, ya pili, akausikia uzito nyuma yake kwa mara ya kwanza, akasimama. Kisha akakunja miguu ya mbele.

Akalala.

"Mleteeni shuka!" Wambura alipiga kelele.

"Na mto, mzee, usisahau mto," kijana mmoja akadakia.

"Mwita, huyu anataka aamshwe na chai."

Mtu alikuwa ameshaanza kukusanya nyasi kavu. Mwingine alimpa Baba kiboko. Niliona kiboko kile mkononi mwa Baba na nikajua kitabu kinasemaje, kwamba joka aliyepigwa mara moja hatasahau. Sikulia, daftari linathibitisha. Nilisema, "Baba, subiri. Bado hajanisikia."

Baba alimtazama Wambura, ambaye jozi yake ilikuwa inaanza mstari wa jirani. "Wambura akifika mwisho wa shamba na kurudi," alisema, "muda wako umekwisha, mama."

Nilipiga magoti kwenye udongo. Nikaweka pua yangu kwenye pua ya Kitanda. Nilipumua, akapumua. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka, halafu nadhani walipungua kucheka, kwa sababu nilianza kuisikia minyororo ya jozi nyingine na Sajenti akicheua. Niliweka kipande cha magadi kiganjani, akalamba. Nikashika sikio lake, nikasema jina lake. Nililisema mara tatu. Nikamwambia pia kwamba yule bwana wa Mugumu anajua habari za mabawa na kwamba hatuna siku nyingine. Halafu nikainuka, nikamgeuzia mgongo kama Sirea alivyofanya, nikaenda bila kuvuta kamba.

Kamba haikukaza.

Sikugeuka. Nilisikia mnyororo ukinyooka, nikasikia sauti ya udongo unaokatwa, ambayo ni sauti kama kitambaa kizito kinachochanwa taratibu. Nilisikia Baba akisema "Ee! Ee! Ee!" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulifika mwisho wa shamba. Tuligeuka. Wambura, akija upande wetu, alisimamisha jozi yake akavua kofia.

Na hapo ndipo nilipotazama nyuma. Yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, walikuwa wameshuka kwenye udongo mpya kula wadudu, na baadhi yao walikuwa wametua juu ya mgongo wa Kitanda, pande zote mbili za nundu. Plau ilikwama kwenye jiwe, ikaruka kwa kishindo, na ndege wote wakashtuka kwa wakati mmoja. Jua lilikuwa limetoka nyuma yao. Kutoka mgongoni kwa Kitanda yakafunguka mabawa mawili meupe, makubwa, yakapiga mara moja, mara mbili, yakapanda.

"Mabawa!" nilipiga kelele. "Baba! Bibi! Mabawa yake!"

Bibi alikuwa amesimama mwisho wa shamba na sufuria ya uji. Alitazama juu mpaka ndege wa mwisho alipopotea. "Nimeyaona," alisema.

Tulilima mpaka jua lilipokuwa kali. Nyama ilipoliwa na watu walipoanza kuondoka, Baba alinishika kwapani akaninyanyua, akaniweka juu ya mgongo wa Kitanda, nyuma ya nundu. Sikuwa nimewahi kuona msichana akipandishwa ng'ombe kwetu. Tulirudi hivyo nyumbani, Baba akiongoza, watoto wa majirani wakikimbia pembeni, na Wambura akipiga mluzi nyuma. Nilishika nundu kwa mikono miwili. Ilikuwa laini, ya moto, na niliipapasa nikaona kama imepungua kidogo. Daftari linasema: *Leo ameruka.* Mvua ilinyesha siku ya tatu. Mchinjaji hakurudi. Kitanda alilima kwetu miaka mingi, na jina lile la pili sijamtajia mtu, na hapa pia siliandiki.

Picha ya joka niliiona mara ya kwanza nikiwa sekondari, Tarime. Msichana mmoja aliyesoma shule ya msingi ng'ambo, upande wa Kenya, alikuwa na kitabu chenye jalada zuri: mjusi wa kijani, mabawa ya popo, moto kinywani. Aliniambia huyo ndiye joka. Nilimweleza kwa upole kwamba mchoraji amekosea. Nilihitaji muhula mzima kukubali, na hata nilipokubali, nilikubali kwa kichwa tu.

Sasa nirudi kwenye kopo.

Karatasi iliyokunjwa mara nne ilikuwa ukurasa wa kitabu changu. Niliutambua kwa herufi zake na kwa ile rangi ya manjano. Upande mmoja ulikuwa na maandishi, jina la Sirea mara nne. Upande wa pili ulikuwa na picha. Msichana mwembamba amesimama ameshika kamba, na mwisho wa kamba yupo mnyama mwenye magamba, shingo ndefu kama ya mbuni, na mabawa makubwa ya ngozi yasiyoingia katika nundu yoyote duniani. Mtoto wa darasa la kwanza angejua huyo si ng'ombe. Bibi, ambaye hakujua a wala be, angejua pia. Na ukurasa ulikuwa safi katikati. Haukuwahi kufunga ugoro hata siku moja.

Nilimpelekea Baba. Aliuweka mbali na macho yake, kama watu wa umri wake wanavyofanya, akausogeza, akaurudisha mbali.

"Aa," alisema. "Kumbe aliutunza."

"Unaujua?"

"Alinionyesha. Siku mliyotoka gulioni, wewe ukiwa zizini na yule ng'ombe wako. Akaniuliza, hiki ni nini? Nikamwambia, mama, hiki ndicho mtoto anachosoma. Ni hadithi tu, si mambo ya mifugo. Nikainuka nikuite nikuonyeshe, usiendelee kujisumbua bure. Akanishika mkono."

"Akasemaje?"

"Akasema, mwache. Ng'ombe bado hajasimama."

Chacha, aliyekaa juu ya kigoda alichorithi, alianza kucheka, akacheka mpaka kigoda kikalia. Shangazi zangu waliuliza kuna nini, na ilibidi karatasi izunguke uani kote, kila mtu akimtazama mnyama yule kisha akinitazama mimi. Karatasi iliporudi mikononi mwangu, niliuliza swali lililobaki.

"Na aliposimama? Mbona hakunionyesha?"

"Hilo nilimuuliza mimi mwenyewe," Baba alisema. "Jioni ile ya risaga. Nikamwambia, haya, sasa mpe picha yake. Akaniambia, ya nini tena? Mabawa ameshayaona."

Niliikunja karatasi kwa kufuata alama za Bibi, mara nne, nikairudisha kwenye nailoni, nikaifunika kwa ugoro. Nilipobonyeza kifuniko, vumbi kidogo likanipanda puani, nikapiga chafya.

"Haya," Baba alisema, "mara hii usinyamaze. Msalimie na wewe."

"Shikamoo, Bibi," nikasema.